Nani Hulipia Kiti Kitupu?

Mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, nililipia nauli ya watu wawili ambao hawakuwepo.

Tulikuwa kwenye stegi ya soko letu la kijijini huko Ukambani, mimi na shosho. Ilikuwa siku yake ya kliniki ya presha mjini, na kadi ilisema saa mbili asubuhi. Tulifika stegi saa kumi na mbili kasorobo. Matatu ilikuwa pale, ile ya watu kumi na wanne, mlango wazi, dere amelalia usukani. Kufikia saa moja tulikuwa wanane. Kufikia saa mbili, kumi na wawili. Kisha hesabu ikagoma. Kila baada ya dakika tano makanga alichungulia ndani na kutuambia maneno yale yale: "Bado wawili tu, tuvumiliane." Wawili hao hawakuja. Mama mmoja aliyebeba mtoto alishuka, akazunguka gari, akarudi akaketi. Shosho hakusema kitu. Alikuwa ameshika kadi yake mkononi tangu nyumbani.

Saa mbili na nusu nikamwita makanga kando.

"Madam, ukilipia hivyo viti viwili tunang'oa saa hii hii," akaniambia.

Nikatuma mia tatu kwa M-Pesa. Dere akaamka kama mtu ambaye hakuwa amelala. Matatu ikatoka ikiwa na abiria kumi na wawili wa kweli na wawili wa hewa.

Mimi ni mtoto wa Kawangware. Nimekua nikipanda 46, na maisha yangu yote nimesubiri gari lijaze. Nilidhani ni tabia tu: makanga wakaidi, madere wasiojali, sisi Wakenya na mambo yetu. Lakini ile mia tatu ilinikereketa. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma historia ya mabasi yetu, na kumsumbua mjomba wangu aliyeendesha matatu kwa miaka mingi. Nilichogundua ni kwamba tabia si kiini cha tatizo. Kiini ni hesabu, na hesabu hiyo ina umri wa karibu miaka mia moja.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Basi likitoka na watu wanne au arobaini, dizeli inayochomeka karibu ni ile ile, dereva ni yule yule, tairi zinalika vile vile. Kwa hivyo kila kiti kinachosafiri kitupu kina bei, na lazima mtu alipe. Serikali zetu, tangu za wakoloni hadi leo, zimetunga sheria nyingi kuhusu gari: rangi yake, mwendo wake, mikanda yake, chama chake. Swali la nani alipie kiti kitupu limeachwa lijijibu lenyewe. Nao wanaolijibu ni watu kama shosho.

Kampuni ya Kenya Bus Service, ile KBS ambayo wazee wetu wanaitaja kwa hamu, ilianza Nairobi mwaka wa 1934 ikiwa na mabasi 13. Ilikuwa mali ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa Overseas Motor Transport Company. Jiji lile halikuwa limejengewa watu kama sisi. Mwafrika aliruhusiwa kuwa mjini kwa sababu ya kazi, na wengi walifika kazini kwa miguu.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1966, halmashauri ya jiji ilichukua asilimia 25 ya hisa za KBS. Kwa upande wake, KBS ikapewa haki ya kuwa peke yake katika biashara ya mabasi jijini. Siku hizi tukisikia kampuni imepewa soko peke yake tunanusa harufu ya ufisadi, na mara nyingi tunanusa sawa. Lakini mkataba kama ule una mantiki yake. Basi lililojaa pomoni saa moja asubuhi lilikuwa linaleta faida. Basi la saa tatu usiku, lenye walinzi watano na muuguzi mmoja, lilikuwa linakula hasara. Kampuni ikiwa peke yake, faida ya asubuhi inaweza kufunika hasara ya usiku. Haikuandikwa kwenye tiketi, lakini abiria wa asubuhi alikuwa anamchangia abiria wa usiku. Hilo ndilo lililokuwa jibu la kwanza: kiti kitupu kinalipiwa na kiti kilichojaa.

Jibu hilo lilikuwa na tundu kubwa. Lilimfaa tu mtu aliyeishi mahali basi lilipofika. Vizuizi vya kikoloni vya nani akae wapi vilipoondoka, watu walimiminika Nairobi. Mitaa ikaota haraka kuliko mabasi, na mingi haikuwa hata kwenye ramani za wapangaji wa jiji. Hapo ndipo magari ya watu binafsi, mengi yakiwa makuukuu, yalianza kubeba abiria kinyume cha sheria kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Kwa Kikuyu waliita mang'otore matatu. Ndivyo jina lilivyozaliwa, likiwa bei kabla ya kuwa gari.

Polisi waliyafukuza magari hayo kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri: matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya TLB, bodi iliyosimamia leseni za usafiri. Kwa siku moja, kilichokuwa hatia kikawa biashara halali.

Siilaumu amri ile. Iliwapa watu wasio na mtaji mkubwa nafasi ya kujiajiri, na iliwafikisha nyumbani watu ambao KBS haikuwa na habari nao. Lakini tazama ilivyofanya ile hesabu yetu. KBS ilibaki na wajibu wa kutembea hata lisipojaa. Matatu haikuwa na wajibu wowote. Ilichagua saa yake na barabara yake. Ilipita stendi dakika mbili kabla ya basi, ikazoa waliokuwa wakisubiri, ikaenda. Viti vilivyojaa vikawa vya matatu, viti vitupu vikabaki kwa KBS. Faida ya asubuhi iliyokuwa ikibeba hasara ya usiku ikaanza kupungua, mwaka baada ya mwaka.

Mjomba, ambaye hajasoma kitabu hata kimoja kuhusu haya, aliniambia hivyo hivyo kwa lugha yake: "Basi lilikuwa linapika, sisi tunakula nyama na kuliachia supu."

Mwaka wa 1984 serikali ilirekebisha Sheria ya Trafiki ili kuzirudisha matatu chini ya mkono wake. Ziwe na leseni, zikaguliwe, ziwe na bima. Ilikuwa sheria muhimu, kwa sababu magari mengine yalikuwa majeneza yenye tairi. Lakini hata hiyo ilishughulikia uzima wa gari. Haikumlazimisha mtu kupeleka gari hilo mahali fulani saa fulani, wala haikumpa shilingi ya kumsaidia kufanya hivyo.

Kisha ukaja mwaka wa 1986, mwaka ninaoupenda sana katika hadithi hii kwa sababu mambo mawili yalitokea katika nchi mbili, na baadaye yakakutana Nairobi.

Hapa nyumbani, serikali ya Rais Moi ilianzisha Nyayo Bus. Mabasi mengi yalikuja kwa msaada wa nchi za nje, na walioyaendesha na kukata tiketi walikuwa vijana wa huduma ya taifa, NYS. Lilikuwa jibu la pili kwa swali letu: kiti kitupu kitalipiwa na dola. Mamangu, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Lavington wakati huo, anayakumbuka kwa upole. Nauli ilikuwa nafuu, anasema, na makanga alikuwa amevaa sare na hakukushika mkono kukuvuta ndani. Lakini dola iliyolipa ndiyo dola iliyokula. Usimamizi ukaoza, vipuri vikakosekana, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 shirika lile lilikuwa limekwisha. Tangu hapo, mtu akitaja basi la serikali nchini Kenya, anayemsikiliza hucheka kwanza.

Uingereza nayo, mwaka huo huo wa 1986, ilikuwa inakwenda upande wa pili. Tarehe 26 Oktoba, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, biashara ya mabasi nje ya London ilifunguliwa. Kampuni yoyote yenye leseni ingeweza kuandikisha njia inayoitaka na kutoza nauli inayoitaka. Njia ambazo hakuna kampuni iliyozitaka, nyingi zikiwa za vijijini na za usiku, ziliachiwa serikali za mitaa, nazo zikazilipia kwa zabuni kutoka mifuko yao. Soko likachukua viti vilivyojaa, umma ukabaki na vitupu. Unaliona? Ni 1973 yetu, imevaa koti na tai. Tofauti ni kwamba wao waliacha angalau mfuko mdogo wa kulipia kilichobaki.

Kampuni moja iliyonona katika soko lile ilikuwa Stagecoach, ya mji wa Perth kule Uskoti. Mwaka wa 1991 Stagecoach ilikuja Nairobi na kuinunua KBS. Nimewaza mara nyingi wakubwa wale walipoona stegi zetu kwa mara ya kwanza waliambiana nini. Walikuwa mabingwa wa soko huria kwao. Hapa wakakutana na soko huria lisilo na refa. Kwao mshindani alipaswa kuandikisha njia na ratiba yake. Hapa mshindani alikuwa nganya yenye muziki wa kutikisa vioo, haina ratiba, inageuza njia ikiona foleni au karao, na inapandisha nauli mvua ikinyesha. Mwaka wa 1998 Stagecoach iliuza biashara yake kwa wawekezaji wa hapa nchini, ikaondoka. Katika miaka michache ya kwanza ya karne hii, huduma ile ya zamani nayo ikazama.

Kilichobaki cha KBS ni namba. Ile 46 ninayopanda kwenda Kawangware ilikuwa namba ya basi. Matatu zilirithi namba za njia, ila hazikurithi wajibu uliokuwa nyuma yake.

Hadi hapa nimekuwa nikizungumza kama mtu wa Nairobi, na ndivyo historia nyingi za usafiri wetu zinavyozungumza. Lakini mia tatu yangu niliitoa kijijini.

Nilimuuliza shosho walisafiri vipi zamani. Akaniambia kulikuwa na basi lililolala kijijini. Liliingia jioni kutoka Nairobi likiwa na vumbi hadi kwenye paa. Dereva na turnboi walilala kwenye chumba nyuma ya duka, na saa kumi na moja alfajiri likapiga honi kuamsha watu. "Hata tukiwa watu saba lilitoka," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini jua huchomoza. "Kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja."

Nadhani ninajua sababu ya kihesabu. Mabasi yale ya masafa yalipewa leseni za njia na TLB, na bodi haikugawa njia kiholela. Tangu miaka ya 1930 sheria za leseni za barabarani zilikusudiwa kupunguza ushindani, kwanza kwa ajili ya kulinda reli ya serikali. Kwa hivyo mwenye basi aliyetoka kijijini na watu saba alijua kwamba akifika kwenye lami atawakuta watu wengine wanamngoja yeye, si gari jingine. Watu wa lami walikuwa wanalipia viti vitupu vya watu wa vumbi. Ni mpango ule ule wa KBS, umevaa matope.

Matatu za watu kumi na wanne zilipotawala lami, watu wale wa barabara kuu hawakuwa tena wa basi la kijijini. Basi lililolala likaacha kulala. Ukienda leo Machakos Country Bus, ile stendi ya Nairobi ambayo watu waliipachika jina la Machakos Airport, utaona bado kuna mabasi makubwa yanayobeba magodoro na kuku. Lakini kutoka kwetu hadi lami umebaki na matatu inayongoja ijae, Probox ya watu tisa ndani ya gari la watano, au bodaboda.

Bodaboda zenyewe zina somo. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na kwa muda mfupi pikipiki zikafika kila kona ya nchi. Ukiniuliza mimi, huo ndio msaada mkubwa zaidi ambao hazina ya taifa imewahi kuupa usafiri wa kijijini, na ulikwenda kwa chombo kinachobeba mtu mmoja, labda watatu, kwa nauli ya juu kuliko matatu. Shosho ana miaka 78. Hapandi pikipiki.

Nikiwa darasa la pili, Februari 2004, nakumbuka Kawangware nzima ikitembea kwenda mjini. Zilikuwa siku za mwanzo za sheria za Michuki. John Michuki, waziri wa uchukuzi, alikuwa ametangaza kanuni hizo mwaka uliotangulia: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa madereva na makanga, kila mtu akae kwenye kiti. Magari ambayo hayakuwa tayari yalifungiwa. Matatu ziliporudi, nilikaa kwenye kiti changu peke yangu kwa mara ya kwanza maishani, badala ya kupakatwa, nikafungwa mkanda kama rubani. Hadi leo watu wakitaka waziri mkali wanamtaja Michuki, na ninawaelewa.

Lakini hebu irudie ile orodha ukiwa na kalamu ya mhasibu. Mikanda ililipwa na mwenye gari. Kidhibiti mwendo kililipwa na mwenye gari. Gari lililokuwa likibeba 18 sasa linabeba 14. Hazina haikutoa kitu. Basi gharama ikatembea hadi ikampata mtu asiye na wa kumsukumia, yaani abiria. Nauli yetu ilipanda, na mamangu akaanza kushuka stegi mbili kabla ya kazini.

Kanuni zile zilisema pia kwamba dereva na makanga walipwe mshahara wa mwezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa pointi nzito kuliko zote, na ndiyo iliyokufa kimya kimya. Mjomba aliendelea kufanya kazi kwa target: mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, mafuta juu yako, karao juu yako, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wako. "Nikitoka stegi na viti vitatu vitupu," aliniambia, "hivyo viti nimevilipia mimi." Sasa unaelewa kwa nini dere anangoja, kwa nini anakimbia, kwa nini anakushusha njiani na kukuuza kwa gari jingine akiona abiria wamepungua. Target ndiyo bajeti yetu ya usafiri wa umma. Imeandikwa kwenye kichwa cha mtu aliyeamka saa tisa usiku.

Sheria hazikukoma. Kuanzia mwishoni mwa 2010 matatu ziliagizwa kujiunga na Sacco au kampuni. Mamlaka ya NTSA ikaundwa kwa sheria ya 2012, na kanuni za 2014 zikataka kila Sacco iwe na magari yasiyopungua 30. Mwaka huo huo tuliambiwa nauli italipwa kwa kadi, si kwa noti. Kadi zikafa, noti zikabaki, kwa sababu karao wa barabarani na dere wa target wote walihitaji pesa inayoshikika.

Kama kuna mtu bado ana shaka kwamba swali letu ni la kweli, akumbuke Machi 2020. Corona ilipoingia, serikali iliagiza matatu ya watu 14 ibebe watu 8 tu, na magari makubwa yabebe asilimia 60. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, viti vitupu viliamriwa na sheria. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini viti sita katika kila matatu nchini vilikuwa vimetangazwa kuwa vitupu kwa manufaa ya umma, na umma haukutoa hata shilingi kuvilipia. Kesho yake njia nyingi zilipandisha nauli. Mimi nililipa mara mbili ya kawaida. Waliobaki na kazi, na hasa wale wasioweza kufanya kazi wakiwa nyumbani kwenye kompyuta, ndio waliolipia afya ya taifa pale mlangoni mwa matatu.

Wengine watasema nchi yetu haina pesa za kulipia mabasi. Ninawaomba wasome risiti ya mafuta. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Matatu inaulipa, bodaboda inaulipa, na sisi tunaulipa ndani ya nauli. Pesa hizo hujenga na kutengeneza barabara, jambo jema. Lakini barabara hiyo hiyo inamfaa zaidi mwenye gari lake, anayetoka saa anayotaka na viti vinne vitupu. Yeye kiti chake kitupu hakimsumbui mtu. Cha shosho kinamkosesha kliniki.

Na mpango mkubwa unaokuja? Tangu 2017 Nairobi ina mamlaka ya uchukuzi ya eneo zima la jiji, na njia za mabasi ya kasi zimepewa majina ya fahari: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Tumeona mistari mwekundu ikichorwa kwenye Thika Road, tumeona vituo vikijengwa. Sijasikia mjadala mkali kuhusu nani atalipia Ndovu wa saa nne usiku akiwa na watu sita tumboni. Tukikosa kuujadili sasa, Ndovu naye atajifunza kungoja ajae.

Hata wale waliotuletea Stagecoach wameanza kugeuza shingo. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2025, jiji la Manchester na vitongoji vyake lilirudisha mabasi yake yote chini ya usimamizi wa umma. Kampuni binafsi bado zinaendesha, Stagecoach ikiwemo, lakini sasa njia, saa na nauli vinapangwa na mamlaka ya umma, na kampuni inalipwa kwa kazi ya kuendesha. Imewachukua karibu miaka 40 kufika hapo.

Sidai tuige Manchester. Matatu zetu zina kitu ambacho ofisi ya serikali haitakuwa nacho kamwe: zinajua watu walipo. Ninachodai ni kidogo. Katiba ya 2010 iliweka usafiri wa umma wa barabarani katika kazi za kaunti. Kaunti inaweza kukaa na Sacco ya eneo na kununua safari, si magari. Kwa mfano: saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya kliniki, gari litoke sokoni lijae lisijae, na kaunti ijaze pengo la viti vitupu. Itoke, ilipwe. Isipotoka, isilipwe. Bei na saa ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa stegi, ili kila mama anayeuza ndizi pale awe mkaguzi.

Najua utakachosema, kwa sababu hata mjomba alikisema: pesa hizo zitaliwa kama za Nyayo Bus. Huenda. Lakini Nyayo ilinunua mabasi, na basi likinunuliwa linaweza kuozea yadi huku makaratasi yakisema linatembea. Safari haiwezi kuozea yadi. Imetoka au haijatoka, na watu kumi na wawili waliokaa ndani yake wanajua. Zaidi ya hapo, tusijidanganye kwamba leo hatulipi. Tunalipa kwa zaidi ya saa mbili na nusu za kungoja na kwa madere wanaosinzia barabarani. Tunalipa kwa kliniki zilizokosekana.

Jumanne ile, tulipofika kwenye lami, makanga aligonga paa. Gari likasimama, wakapanda wanaume wawili, wakaketi kwenye viti vyangu vya mia tatu. Akawatoza nauli. Nikageuka kumtazama, damu imepanda, sentensi yangu ya kwanza tayari iko mdomoni.

Shosho akanigusa goti. "Mwache," akasema kwa sauti ya chini. "Na yeye ana watu wa kulipa."

Tulifika kliniki saa nne na robo. Foleni ilikuwa imepinda hadi kwenye miti. Muuguzi alipompima hatimaye, saa saba mchana, alikunja uso akitazama mashine, akampima tena mkono wa pili.

"Shosho, presha iko juu sana. Leo uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi," akasema shosho. "Sikutaka kuchelewa."